Destroy haiharibu diski, undefine ndiyo iliyotutia hasara

Usitafsiri majina ya komandi. Nimesoma ulivyoeleza kwamba ofisini kwenu hapo Chake Chake mna seva moja ya KVM, ule mfumo wa Linux wa kuendesha kompyuta kadhaa ndani ya kompyuta moja, yenye mashine pepe 6, yaani hizo kompyuta za ndani, na umepewa kazi ya kuwaandikia vijana mwongozo wa Kiswahili wa komandi za virsh, ile programu ya kuziamrisha hizo mashine kwa kuandika, za kuziendesha na kuzifuatilia, na unataka uchukue orodha ya virsh help uitafsiri mstari kwa mstari kwa alfabeti, halafu unauliza utoe PDF au karatasi, uweke na monita ya QEMU (njia nyengine ya kuziamrisha mashine hizo) au uiache, na za kufuatilia uchague zipi. Nikafika pale ulipotoa mfano wako, "destroy: kuangamiza mashine, hatari" na "undefine: kuondoa maelezo ya mashine", nikaweka chai chini. Yakhe, mistari hiyo miwili niliiandika mie, hivyo hivyo, na ilitupotezea siku 11 za hesabu za duka ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani.

Skiza ilivyokuwa. Nilikuwa nahudumia seva ya duka la jumla la nguo Darajani. Mashine pepe 3, kubwa yao tukiiita hesabu, ndani yake mna stoku, mauzo na madeni ya wateja wote wa shamba na wa huko kwenu Pemba. Mwenye duka akataka mwongozo ili kijana wa zamu ya usiku asiwe ananiamsha kwa kila kitu, na ni haki yake. Nikamwendea fundi mmoja aliyekuwa akitufundisha, mtu mwenye vyeti vyake, nikamuuliza niandike vipi. Akanambia "komandi zinajieleza zenyewe, wewe tafsiri jina, mtu akisoma jina kashajua". Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo damu inanichemka. Zinajieleza kwa nani? Yeye mwenyewe kwa miaka yote aliyofundisha, wallahi sidhani kama alishawahi kukaa mbele ya seva akaandika destroy akatazama kinachotokea, na nasema hivi kwa sababu mtu aliyeona kwa macho yake hawezi kutoa ushauri ule. Na mie nikamsikiliza, nikakaa na kamusi siku mbili, nikatoa kurasa 14 nzuri kabisa, hatari nimezipaka rangi nyekundu.

Usiku wenyewe duka limejaa, watu wametoka tarawehe wananunua nguo za Idi, saa 5 na kitu hesabu ikaganda. Kijana akaandika virsh shutdown hesabu, ikamjibu "is being shutdown". Akangoja. Virsh list, inayoorodhesha mashine, bado running, yaani inafanya kazi. Akarudia mara tatu, jibu lile lile, mashine haijazima. Hapa tayari mwongozo wangu ulishamkosea, maana niliandika "shutdown: kuzima mashine" basi, sikuandika kwamba shutdown ni kuiomba tu, inabonyeza kitufe cha umeme cha mashine kwa njia ya ACPI halafu inarudi pale pale, mfumo wa ndani ukitaka utasikia na ukiwa umeganda hausikii, na lile jibu maana yake ombi limepelekwa, si kwamba mashine imezima.

Akafungua ukurasa wa pili. Destroy, kuangamiza, nyekundu, USITUMIE. Akaiogopa, na nani asingeiogopa. Chini yake kidogo undefine, kuondoa maelezo ya mashine. Akanambia baadaye alidhani maelezo ni yale maandishi tu, kwamba akiyaondoa mashine itajisafisha. Akaandika virsh undefine hesabu. Jibu, "has been undefined". Akatazama list, hesabu ipo, running. Akaona haijafanya kitu.

Kumbe imefanya. Undefine ukiipiga kwa mashine inayofanya kazi haiizimi, inaifutia usajili wake tu ikabaki kuwa mashine ya kupita, siku itakapozima ndio mwisho wa jina lake. Na baada ya dakika kama 20 mfumo wa ndani ukazinduka, ukasikia lile ombi la shutdown, ukajizima kwa adabu zote. Kijana akapiga virsh list --all. Hesabu haipo. Mtu wa miaka 21, duka limejaa, tajiri yuko kaunta, mashine ya hesabu haipo duniani. Akafanya ambalo mwongozo ulimwambia, akaenda ukurasa wa "kuunda mashine mpya", hatua ya kwanza nimeandika qemu-img create -f qcow2, inayounda faili jipya tupu la diski ya mashine, njia ya diski, ukubwa 60G. Akaweka jina lile lile la hesabu.qcow2 ili mambo yasichanganyike. Enta.

Ile komandi haiulizi "faili lipo, nilifute?" Inaandika neno Formatting na mstari mmoja wa maelezo, kwisha. Faili lililokuwa na GB 38 likawa la KB mia na kitu.

Alinipigia wakati wa daku. Nilifika na vespa nikamkuta amekaa sakafuni kaegemea kabati la seva, mwongozo wangu mapajani, umefunguliwa ukurasa ule ule. Hajakosea hatua hata moja ya nilizoandika. Hilo ndilo linaloniuma kuliko zile data.

Bekap ya mwisho ilikuwa ya siku 11 nyuma. Idi yote tulikuwa tunaingiza risiti kutoka kwenye maboksi, zile za karatasi ya joto, nyengine zimeshafifia unaziinua kwenye dirisha ili usome tarakimu. Madeni ndio ilikuwa mtihani, maana deni halina risiti. Mama mmoja wa Wete alisikia habari zetu akapiga picha daftari lake akatuma, nadaiwa laki 6 na 40, andikeni. Mungu amzidishie. Wapo ambao mpaka leo hawajasema kitu.

Na sasa tazama, destroy ile niliyoipaka nyekundu ndiyo iliyotakiwa. Virsh destroy haigusi diski, haigusi usajili. Inaikatia mashine umeme, basi, ukipiga virsh start inawaka tena. Manyuali ya virsh yenyewe inasema ni sawa na kuchomoa waya wa umeme kwenye kompyuta ya kawaida. Na kuna mtu wa kuelezwa kukatika umeme hapa kwetu? Sie wa Unguja tulikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tena, ungeandika "destroy: umeme umekatika ghafla" kila mtu angeelewa faida yake na khatari yake bila kamusi. Khatari ipo, kilichokuwa bado hakijaandikwa kwenye diski kinapotea na databezi inaweza kuhitaji kujirekebisha ikiwaka. Lakini pale tungepoteza mauzo ya dakika chache.

Tena hata baada ya undefine kulikuwa na njia mbili za kurudi. Mashine ilipokuwa bado running, unapiga virsh dumpxml hesabu, inayotoa maandishi ya usajili wake, unaielekeza kwenye faili, halafu virsh define, inayosajili, na faili lile, usajili umerudi. Na hata ilipokwisha kupotea kwenye list, diski ilikuwa pale pale na GB zake 38, maana undefine peke yake haifuti diski, inafuta ukiiongezea --remove-all-storage. Ilitakiwa kuisajili upya mashine juu ya diski ile ile. Mwongozo wangu haukusema hata moja katika hayo kwa sababu mwenyewe nilikuwa siyajui, nilikuwa najua jina lake kwa Kiswahili.

Na atakayecheka acheke, ila aniwekee hapa kwanza mwongozo wake nione undefine kaielezaje.

Kwa hiyo ninachokwambia ni kimoja. Tengeneza mashine pepe ya kuchezea, hata ya GB 5, iite jaribio, na usiandike komandi yoyote kwenye mwongozo mpaka uiendeshe mwenyewe juu ya hiyo, mara moja ikiwa imewaka na mara moja ikiwa imezima, uandike ulichokiona kabla, ulichokiona baada, nini kimepotea, na unarudi vipi. Ukurasa wangu wa undefine sasa unasomeka hivi: "Inafuta usajili wa mashine. Ikiwa imewaka HAIZIMI, itapotea kwenye list siku itakapozima. Diski inabaki. Kabla ya kuipiga: dumpxml uihifadhi. Umeipiga kwa makosa: usizime, dumpxml kisha define. Imeshapotea: usiunde diski, piga simu." Hakuna tafsiri ya jina humo. Ile alfabeti iache, mtu mwenye mashine iliyoganda hatafuti herufi, anatafuta "imeganda".

Na majina yanavyodanganya utayaona ukihamia programu nyengine. Kwenye Proxmox kuna qm destroy, hiyo sasa inaondoa mashine NA diski zake kweli, kukata umeme kwao ni qm stop. Neno moja, huku linazima, kule linafuta. VirtualBox ukisema controlvm poweroff umekata umeme, ukitaka kuiomba izime kwa heshima ni acpipowerbutton, na unregistervm ukiiwekea --delete inaondoka na faili zake. Sasa mpe kijana aliyesoma tafsiri yako ya destroy ya virsh, mwakani ofisi inunue seva ya Proxmox, utaniambia. Na suspend nayo, wengi wanaandika "kulaza" wakadhani kumbukumbu imeachiliwa, hapana, mashine imesimamishwa lakini RAM bado imeishika, seva ikizima inakwenda nayo. Inayoandika hali yake kwenye diski ni managedsave.

Za kufuatilia weka domstate pamoja na --reason, inakwambia imezima kwa sababu gani, na domblklist ili mtu ajue diski iko faili gani kabla hajagusa kitu, na domstats kwa takwimu zote kwa pamoja. Lakini iliyo juu ya zote ni dominfo. Kuna mstari ndani yake umeandikwa Persistent. Ukiwa yes, mashine imesajiliwa, ukiwa no na mashine imewaka, huenda mtu keshapiga undefine na hajui. Kijana wetu alikuwa na dakika 20 za kuusoma mstari ule.

Anza leo na jaribio. Iwashe, piga undefine, soma dominfo, irudishe kwa dumpxml na define, kisha isome tena. Ukishaona ile no ikageuka yes, njoo na ukurasa wako wa kwanza uuweke hapa tuupitie pamoja.