Maswali Yenu: Kompyuta Inanyamaza Nikifungua Vitini

Shangazi, shikamoo. Niko mwaka wa kwanza chuoni, nasoma uchumi. Macho yangu yalianza kufifia nikiwa sekondari, na sasa maandishi ya kawaida siyaoni kabisa. Kaka yangu aliniwekea NVDA kwenye kompyuta, programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Barua pepe inazisoma vizuri, lakini vitini vingi vya wahadhiri nikivifungua inanyamaza. Wenzangu wanasema hiyo ni kwa sababu ni ya bure, nitafute programu ya kulipia. Naogopa kuwabebesha wazazi mzigo huo halafu mambo yabaki yaleyale. Nifanyeje?
Mwanafunzi wa uchumi

Marahaba, mwanangu. Usiwaombe wazazi fedha hizo. NVDA si duni kwa kuwa ni ya bure. Michael Curran aliyeianzisha Australia mwaka 2006, na James Teh aliyejiunga naye, wote wawili hawaoni, na waliitengeneza makusudi ili asiyeona asilazimike kulipa zaidi ya mwenzake ndipo atumie kompyuta. Hitilafu unayokutana nayo imo ndani ya vitini vyenyewe.

Uliyotumiwa ni picha. Kitabu kiliwekwa kwenye skana, kila ukurasa ukapigwa picha, picha zikahifadhiwa kama PDF. Mwenye macho akiitazama anaona maneno. Kisoma skrini kinatafuta herufi na hakikuti hata moja. Mimi sioni tangu utotoni, na kazi yangu ni kuandaa vitabu vya wanafunzi wasioona, kwa hiyo kimya hicho nakijua vizuri. Unaweza kukihakikisha mwenyewe: fungua kitini, bonyeza Ctrl na A, kisha Ctrl na C, halafu ubandike kwenye ukurasa mtupu wa Word. Lisipokuja neno lolote, umeshika picha.

Kwa kitini unachokihitaji leo usiku, kama una Windows 10 au 11, bonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida ni Insert) pamoja na R. Itajaribu kutambua herufi zilizo wazi kwenye skrini na kukusomea. Itakusogeza, lakini usiiamini kwenye tarakimu. Wewe unasoma uchumi: nukta ya desimali ikipotea, au safu mbili za jedwali zikichanganyika, utajifunza kitu ambacho mhadhiri hakukisema, na hutajua.

Dawa ni kuomba faili ya asili. Vitini vingi viliandikwa kwenye kompyuta kabla ya kuchapwa na kuskaniwa, na aliyeviandika bado anavyo. Omba mapema, muhula unapoanza, na uombe kwa maandishi. Usiseme tu “naomba kitini ninachoweza kusoma,” kwa sababu mhadhiri mwenye nia njema kabisa atakurudishia picha ileile ikiwa imekuzwa. Mwambie unataka faili ya Word. Vichwa vya sehemu viwekwe kwa mtindo wa vichwa uliomo kwenye Word, si kukolezwa wino tu. Hesabu ziandikwe kwa kihariri cha hesabu, zisibandikwe kama picha. Na kila grafu iwe na maelezo ya maneno.

Hilo la vichwa wengi hulipuuza, nami nalipigania kila mwaka. Anayeona hupitisha jicho kwenye kitini cha kurasa sitini akaifikia sura anayoitaka. Wewe, vichwa visipowekwa sawasawa, utasikiliza tangu mstari wa kwanza. Vikiwekwa, unabonyeza NVDA na kitufe cha nafasi, kisha H, na kila H inakupeleka kwenye kichwa kinachofuata.

Na maelezo ya grafu yawe maelezo kweli. “Grafu ya ugavi na mahitaji” haikufundishi kitu. Unahitaji kuambiwa bei iko kwenye mhimili upi na kiasi upi, mstari upi unapanda na upi unashuka, na inakutana kwenye bei gani.

Kuna vitabu ambavyo mhadhiri hana faili yake kwa sababu si vyake. Hapo nenda maktaba. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulioanza kutumika 2016, unaziruhusu taasisi zinazotambuliwa katika nchi wanachama kutengeneza nakala inayosomeka kwa wasioona bila kuomba kibali cha mchapishaji. Hata maombi yako kwa wahadhiri si fadhila. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ibara ya 24, unazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe mwanafunzi wa elimu ya juu anafanyiwa marekebisho anayoyahitaji.

Jambo moja hukuniuliza: anza nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, sasa, polepole, hata kama sauti inakutosha. Sauti haikuonyeshi neno linavyoandikwa, wala mabano yamefungwa wapi.

Shangazi, pole na kazi. Mimi ni kiziwi, natumia lugha ya alama. Chuo kinataka kuniondolea mkalimani kwa sababu sasa simu inageuza maneno ya mhadhiri kuwa maandishi. Nikubali?
Msomaji wa mwaka wa pili

Usikubali, mwanangu. Maandishi ya simu ni msaada mzuri na uendelee kuyatumia, lakini hayafanyi kazi ya mkalimani. Yanakupa maneno ya lugha ya wanaosikia, yakiwa na makosa hasa kwenye istilahi na majina, wakati lugha yako ina sarufi yake. Wanafunzi watatu wakibishana kwa pamoja, simu huyamwaga maneno yao kama mtu mmoja. Na wewe ukitaka kuuliza swali kwa alama, simu hiyo itakusemea vipi?

Waandikie hayo, na uambatanishe mhadhara mmoja kama simu ilivyouandika. Zungushia duara kila mahali palipoharibika, umwombe mwenzako anayesikia aandike pembeni kilichosemwa. Maofisa wengi hawajawahi kuyasoma maandishi hayo kwa saa nzima.

Wakati mnajadiliana, jitahidi maandishi yawe bora kadiri inavyowezekana. Makosa mengi hutokana na umbali: simu iko kwenye dawati lako, mhadhiri yuko ubaoni, katikati viti vinakwaruza. Mwombe avae kipaza sauti kidogo kisichotumia waya kilichounganishwa na simu yako. Na kwa wanaosikia kidogo wanaotusoma, baadhi ya shimesikio (kifaa cha kusaidia kusikia) hupokea sauti kutoka kipaza cha namna hiyo. Muulizeni anayewahudumia kama lenu linaweza.