Unga wa mitishamba kutoka Guangzhou na mionzi mara 35

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu ana saratani ya nyuma ya pua, wiki ijayo anaanza mionzi, mara 35. Shemeji yangu anayefanya biashara Guangzhou ametuletea unga wa mitishamba ya Kichina. Anasema umepimwa hukohuko kwa wagonjwa kama yeye na unazuia vidonda vya kinywani na kukauka mate. Aanze kuunywa mapema?

JIBU: Marahaba dada. Asiunywe. Swali hili naletewa kila mara, inabadilika pakiti tu.

Shemeji hajadanganya kabisa. Saratani hii imeshamiri kusini mwa China, hasa Guangdong, na madaktari wa huko wamewajaribishia wagonjwa wa mionzi mitishamba kwa miaka mingi. Kinachonichosha ni hilo neno "umepimwa". Ukilinganishwa na nini? Dawa ya kuchemsha ina uchungu na harufu: mgonjwa anajua kapewa, na anayehesabu vidonda naye anajua. Watafiti makini huandaa dawa bandia ya kulinganishia, isiyotibu, pengine ileile iliyozimuliwa ikabaki rangi na harufu. Majaribio mengi ni madogo na hayakujisumbua hivyo.

Tuseme basi jaribio limefanywa vizuri. Likiuliza habari za vidonda peke yake, limeuliza nusu ya swali. Mionzi huua saratani kwa kiasi kikubwa kwa kuzalisha ndani ya seli chembe kali zinazokatakata DNA. Mmea unaozizima chembe hizo utakinga kinywa, sawa. Nani kauambia usikinge na uvimbe?

Kanada walijaribu vitamini E, ambayo nayo huzizima chembe hizo, kwa wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo waliokuwa kwenye mionzi. Matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba waliopewa vitamini hiyo pamoja na beta-karotini (kirutubisho ambacho mwili hugeuza vitamini A) walipata madhara makali machache kuliko wenzao. Muuza dawa angeishia hapo, akafungua duka. Wenyewe waliendelea kuwafuatilia, na vifo vikawa vingi zaidi upande wa vitamini.

Na hiyo ni vitamini, kipimo chake kinajulikana. Unga wa shemeji una mimea mingapi? Brussels, Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza unene waliharibika figo: mahali pa mmea uitwao han fang ji palikuwa pamewekwa mmea mwingine, guang fang ji, wenye sumu iitwayo asidi ya aristolokia. Baadhi wakaja kupata saratani ya njia ya mkojo. Mumeo huenda akapewa sisiplatini, dawa ya kuua saratani, pamoja na mionzi, na hiyo peke yake ni mzigo tosha kwa figo.

Najua mtanitajia dawa mseto ya malaria. Kweli, artemisinini iliyomo humo imetoka kwenye mmea wa Kichina, na mwanasayansi wa China aliyeitoa, Tu Youyou, akapata Nobel 2015. Lakini alichotoa ni kemikali moja iliyochujwa, inayopimwa kwa miligramu. Hakutugawia gunia la majani. Wanaouza kwa jina lake mitandaoni wamelirudisha gunia.

Mumeo amwone daktari wa meno kabla ya siku ya kwanza. Ya kung'oa yang'olewe sasa. Asukutue maji vuguvugu ya chumvi kila baada ya kula na kabla ya kulala. Vidonda huanza wiki ya pili au ya tatu. Siku uji ukigoma kupita, mleteni siku hiyohiyo, msingoje tarehe ya kliniki. Na hiyo pakiti njooni nayo, hata kama maandishi yote ni ya Kichina.