Shoti ya umeme haijaleta hata koloni moja: nifanyeje kufuta jeni?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma uzamili wa mikrobiolojia. Kwenye ukoga wa meno nimepata Streptococcus sanguinis ambaye, akioteshwa jirani na S. mutans anayetoboza meno, humzuia asiote. Nataka kufuta spxB, jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza hidrojeni peroksaidi, nione kama silaha yake ni hidrojeni peroksaidi. Nimepiga seli shoti ya umeme mara nne kuingiza plazmidi (kiduara cha DNA), sikupata kitu. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Mashine ya umeme iweke kando, na plazmidi pia. Sanguinis humeza DNA mwenyewe akishtuliwa na CSP, peptidi fupi ambayo seli zake hupashana habari kwayo. Ya spishi nyingine haitamshtua, kwa hiyo agiza ya kwake.

Tengeneza DNA nyoofu kwa PCR, mbinu ya kunakili DNA: jozi 1,000 hivi za besi zilizo kabla ya spxB, katikati jeni ya usugu wa kanamaisini (dawa ya kuua bakteria), kisha 1,000 za baada yake. Ncha hizo zinafanana na za kwenye jenomu, kwa hiyo seli yenyewe itaichomeka mahali pa spxB. Otesha kwenye mchuzi wa Todd-Hewitt wenye seramu ya farasi. Asubuhi zimua sana, subiri kama saa tatu, kisha tia CSP na DNA wakati mchuzi ndiyo kwanza unaanza kutibuka kwa seli. Wengi huharibu hapa: wanangoja uwe mzito kama wa E. coli, kumbe seli zimeshafunga mlango.

Kanamaisini nayo usipime kwa mkono wa E. coli. Mikrogramu 50 kwa mililita streptokokasi huyu anaweza kuzistahimili bila usugu wowote. Sisi hutumia 500.

Anza na SK36, sanguinis wa maabara ambaye jenomu yake ilichapishwa mwaka 2007 na hubadilika bila usumbufu. Wanaotoka mdomoni moja kwa moja wengine ni wakaidi, na ukikosa koloni hutajua kama kosa ni lako au ni lake.

Ukipata koloni, hakiki kwa PCR maungio yote mawili ya DNA mpya na jenomu. Kisha zioteshe kwenye agari ya buluu ya Prussia, inayogeuka buluu penye peroksaidi: mzazi (asiyefutwa jeni) huzungukwa na duara la buluu, aliyefutwa spxB duara lake hufifia sana. Huyo aliyefutwa mrudishie jeni uone kama nguvu zinarudi, maana mtahini atakuuliza.

Ila kabla ya yote hayo kuna jaribio rahisi ambalo ningelianza mimi: dondosha katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi, kati ya bakteria hao wawili. Mutans akiota pale ilipodondokea, peroksaidi ndiyo mtuhumiwa wako. Tanguliza sanguinis siku moja, kwani mutans akitangulia, yeye ndiye humzuia mwenzake kwa mutasini, sumu zake. Wala usifungie sahani kwenye mtungi usio na hewa: kimeng'enya cha SpxB hutumia oksijeni, na bila hiyo hata mzazi ataonekana kama umemfuta jeni.