Barua kwa Shangazi: Marafiki wanne na wikendi moja Dar

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mtumishi wa serikali, nilihamia Dodoma ofisi yetu ilipohama. Tuko marafiki wanne tuliosoma bweni pamoja Tanga. Mmoja yuko Mwanza, mmoja Mtwara, wa nne anaishi Kimara. Siku hizi tunakutana misibani na harusini tu, na huko hakuna anayepata nafasi ya kuzungumza. Safari hii tumepanga wikendi nzima Dar, Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi. Kila mmoja ana orodha yake: wa Mwanza anataka Bagamoyo, wa Mtwara anataka Kariakoo na dansi, mimi nataka makumbusho. Halafu mwenzetu mmoja biashara imeyumba, nahofia atakopa ili asionekane kapungukiwa. Na mwenyeji wetu goti linamsumbua. Tupangeje?*

*Msomaji, Area C, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa raha, maana wanawake wa umri wenu hawajipi muda wa kukaa na wenzao bila jeneza wala keki.

Tuanze na pesa. Pigianeni simu mapema, na wewe ndiye upendekeze kiwango, kiwe kidogo, cha kumtosha aliye chini kabisa, bila kumtaja. Kila mtu amtumie mweka hazina mmoja kabla ya safari. Kuanzia Ijumaa jioni hadi mnaagana, nauli, viingilio, chai, kila kitu kinatoka kwenye pochi hiyo. Asiwepo wa kusema “hii nalipa mimi”, hata mwenye nazo. Huo ukarimu wa mezani ndio unaomfanya aliyeishiwa akose usingizi. Anayetaka vitenge arudi Kariakoo siku nyingine na pesa yake.

Sasa orodha. Bagamoyo ifuteni. Ukitoka Kimara mpaka kule na kurudi, na foleni ya Tegeta, siku yote mmeimalizia garini mkitazama visogo vya watu. Kariakoo ya Jumamosi kwa mwenye goti bovu ni mateso. Kwa siku moja sehemu mbili zinatosha, na ziwe upande mmoja wa mji. Tena chagueni pale penye mahali pa kukaa, penye kitu cha kuwafanya muongee.

Jumamosi nendeni mjini kati. Kutoka Kimara mnapanda mwendokasi moja kwa moja hadi Kivukoni, bila kubadilisha gari. Ondokeni kama saa tatu, watu wakiwa wamepungua, mwenye goti apate kiti. Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert. Humo mtakutana na habari za Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, yule wa Olduvai ambaye fuvu lake Mary Leakey alilikuta mwaka 1959, lenye umri wa karibu miaka milioni 1.75. Msikimbilie kusoma kila kibao. Nendeni kwenye magari waliyotumia viongozi wetu, halafu kaeni uani. Pana kumbukumbu ya shambulio la mwaka 1998 kwenye ubalozi wa Marekani, na nadhani kila mmoja wenu anakumbuka alikuwa wapi siku ile ya Agosti. Ulizaneni.

Mkitoka hapo, Bustani ya Mimea iko jirani kabisa, ya tangu enzi za Wajerumani. Miti yake ni mikubwa na kivuli chake ni cha kweli. Beba khanga mbili za kutandika. Hapo ndipo mchana wenu. Mwenye nguvu za kutembea atafika kanisa la Azania Front, lile jeupe lenye vigae vyekundu, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Yote mawili yalimalizika mwaka 1902, na yanatazamana na bandari. Mwenye goti abaki bustanini na mwenzake mmoja. Hao wawili ndio watakaoongea ya maana kuliko wote, utaniambia.

Njaa ikiuma, soko la samaki la Feri lipo hapo hapo mbele. Mnada wenyewe hunoga asubuhi na mapema, lakini wakaangaji wapo mchana. Chagueni samaki kabla hajaingia kwenye mafuta: mbonyeze ubavuni kwa kidole, nyama ikirudi yenyewe huyo ni wa leo, fungua shavu, likiwa jekundu lipa, likiwa na rangi ya kahawia mrudishie mwenyewe. Changu kwa ugali, ndimu na pilipili, mmemaliza.

Dansi mwenzenu wa Mtwara apewe, na apewe la kweli. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 kama bendi ya NUTA, chama cha wafanyakazi cha enzi hizo, na Sikinde, yaani Mlimani Park, ni ya mwaka 1978, na mashabiki wa pande hizi mbili wanabishana mpaka leo. Mwenyeji aulize mapema nani anapiga wapi Jumamosi hiyo. Fikeni mapema mpate meza ya pembeni, mbali na spika. Dansi hizi zina faida moja kubwa kwa watu wa rika lenu: wimbo mmoja ni mrefu, unaanza polepole na mashairi, ndipo chemko, sehemu ya kasi ya kuchezea, linakuja mwishoni. Mwenye goti anasikiliza mashairi akiwa amekaa, na chemko likifika atainuka mwenyewe, goti au si goti.

Jumapili lalani. Kisha kuna jambo nataka ulishike: mwenyeji asipike. Nimeona wikendi nyingi ambapo wageni wanacheka sebuleni na mwenye nyumba yuko jikoni anageuza chapati, anasikia vicheko tu. Mtumeni mtoto kwa mama lishe alete vitumbua na maharage ya nazi, chai mchemshe wenyewe. Na msikodi vyumba vya hoteli. Tandikeni magodoro sebuleni, mlale kama bwenini. Mambo makubwa husemwa taa ikishazimwa.

Alasiri shukeni Ubungo, mkodi bajaji hadi Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama. Hapa nitakaa kidogo, maana napapenda mno. Ni uwanja wenye miti, na ndani yake zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, kwa ukubwa wake halisi. Wewe wa Dodoma utaikuta tembe ya Wagogo, ukuta mfupi, paa bapa lililofunikwa udongo. Ingieni, msiishie mlangoni. Lazima uiname, na kwa muda huoni kitu. Halafu macho yanazoea, unaanza kuona nguzo, jiko, pa kulala, na sakafu ya udongo inapoza nyayo. Msonge wa Wahaya nao nyasi zake zinashuka mpaka chini, ukiwa nje hujui ukuta uko wapi. Kila nyumba itamkumbusha mmoja wenu bibi yake. Msimkatize. Alasiri za wikendi mara nyingi pana ngoma, ila pigeni simu kwanza muulize.

Jua likikaribia kuzama, nendeni Coco Beach mle mihogo ya kukaanga na kachumbari, miguu mchangani. Patakuwa na watu wengi, ndiyo Jumapili ya Dar. Jumatatu utawahi treni ya SGR, na utapata usingizi njia nzima.

*Shangazi, mimi ni kijana wa miaka 24 kutoka Songea, nimepata kazi Dar. Napenda kuchora. Sijui mtu, wikendi nakaa chumbani na simu. Nifanye nini?*

*Msomaji, Sinza*

Mwanangu, Jumamosi hii nenda Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alitoka kusini kama wewe, Tunduru, akaanza kuchora juu ya vipande vya hardboard, zile mbao nyembamba za kiwandani, kwa rangi za kawaida za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972 na kazi yake ikaendelezwa na ndugu na wanafunzi. Utawakuta wameketi wanachora. Tazama wanavyopaka usuli kwanza, wakauacha ukauke, ndipo anakuja twiga, na mwisho madoa yake, moja moja kwa ncha ya brashi. Usubiri rangi ikiwa inakauka. Huo ndio muda wao wa maongezi. Uliza rangi inachanganywaje. Siku nyingine fika Nafasi Art Space, Mikocheni, ambako wasanii wana karakana zao na huwa kuna maonyesho. Beba daftari lako la michoro, na ukiombwa ulifungue, lifungue.