Muulize Fundi: Pikipiki ya Mtaliano na Shilingi Elfu Sabini

Barua tisa zimenifikia mwezi huu, na sita kati yake zauliza ekzosi. Nimechagua nne. Moja nitaijibu kwa kirefu kwa sababu mwenyewe kanitajia aina ya pikipiki, mwaka wake, hali yake na pesa alizo nazo. Wengine mwaniandikia "fundi, pikipiki yangu haina nguvu", basi, mkadhani mimi napiga ramli.

*Shikamoo ami fundi. Nimenunua Honda CBR600F ya mwaka 1996. Ilikuwa ya Mtaliano aliyerudi kwao, ikalala bandani kule Casuarina miaka mitano. Yawaka kwa shida kisha yazima. Rangi imepauka, kava la kushoto limepasuka, breki ya mbele ni laini kama sponji. Nina shilingi 70,000 za kuitengeneza. Wenzangu waniambia nianze na ekzosi ya mlio, nitoe boksi ya hewa niweke chujio za wazi, kisha nitie taa za LED. Nawe wasemaje? – Kijana wa Muyeye, Malindi*

Marahaba mwanangu. Kabla ya spana, karatasi. Umenunua kwa nani hasa? Kwa Mtaliano mwenyewe, au kwa bawabu aliyeachiwa funguo? Tazama namba ya fremu iliyogongwa pale shingoni mwa usukani, kisha namba ya injini, uzilinganishe na logibuku, ile hati ya umiliki, herufi kwa herufi. Kama logibuku haipo kwa jina la aliyekuuzia, usitoe hata shilingi ya plagi mpaka jambo hilo liishe na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Na kama iliingia nchini na namba za Ulaya na ushuru wa forodha haukulipwa, utakuwa umenunua deni la mtu. Nimewaona vijana wawili hapa Malindi wakizipendezesha pikipiki miezi sita, kisha hawawezi kuzitoa nje ya geti.

Tuchukulie karatasi ni safi. Basi umeokota kitu kizuri, nisikufiche. CBR600F zilianza kutoka kiwandani mwaka 1987, na yako ni ya kizazi ambacho wapenzi wake hukiita F3, cha 1995 hadi 1998. Silinda nne, cc 599, kabureta nne zilizopangwa safu moja, na nguvu inayokaribia farasi 100. Boxer ya bodaboda uliyojifunzia haifiki farasi 15. Kwa hivyo wenzako wanaotaka kukuongezea nguvu, waulize nguvu hiyo utaitumia wapi. Kutoka hapa hadi Mombasa ni kilomita 120 za punda, tuktuk na matuta yasiyo na alama.

Nami nilikuwa kijana. Mwaka 1998, mvua za El Niño zimekwisha na barabara imebaki mashimo matupu, nilikuwa na Yamaha FZR600. Pesa yangu yote niliitia kwenye ekzosi ya wazi na chujio nne za koni. Nikiwasha Barani, sokoni wanajua naja. Siku moja natoka Mambrui, mbele yangu lori la chumvi kutoka Gongoni, nikataka kulipita kabla ya daraja la Sabaki. Nikafungua mafuta. Kati ya mizunguko elfu nne na elfu sita pikipiki ikakohoa kama mzee wa pumu, haiendi mbele wala hairudi nyuma, na matatu hiyo inakuja. Nikashika breki. Mpira wa kupitishia mafuta ya breki ulikuwa mzee kuliko mimi. Ukavimba wenyewe badala ya kusukuma, mkono wa breki ukaja hadi kwenye gripu. Niliingia mchangani, nikaacha kioo kimoja na ngozi ya kiwiko. Ekzosi haikuguswa hata kidogo, ikaendelea kulia vizuri tu.

Kile kikohozi kilikuwa kazi ya mikono yangu. Kabureta za pikipiki hizi zina pistoni ndogo inayopandishwa na mvuto wa hewa, na boksi ya hewa imepimwa ili mvuto huo uwe sawa. Ukiing'oa ukaweka koni, hewa inazidi petroli na hesabu yote inavurugika. Kuirudisha sawa kwataka jeti mpya (vile vitundu vya kupitishia petroli), sindano, na fundi wa kujaribu mara kumi. Acha boksi mahali pake, inunulie chujio jipya, basi.

Sasa pesa zako. Tairi kwanza, nazo zitameza sehemu kubwa. Tafuta ubavuni mwa tairi palipoandikwa DOT: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2311 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Kwa hali uliyoieleza, sitashangaa ukikuta namba kama hiyo. Hata kama vidole bado vyaonekana vipya, mpira umekauka, na lami ikilowa utateleza kama aliyekanyaga ganda la embe. Saizi yako ni 120/60 mbele na 160/60 nyuma, zote za inchi 17. Wauza tairi za bodaboda hawana hizo, kwa hivyo agiza Mombasa au Nairobi, zije kwa basi. Atatokea mtu akuambie utie 180 nyuma ati ipendeze. Rimu yako imepimwa kwa 160; tairi pana itabanwa, mgongo wake utachongoka, na pikipiki itakataa kuinama kwenye kona.

Kisha breki. Hiyo sponji ni hewa na maji ndani ya mafuta ya breki. Mafuta yale hunywa unyevu, na hapa kwetu unyevu hauna msimu. Yatakiwa kubadilishwa kila miaka miwili, yako yamelala mitano au zaidi. Fungua kaliper zote, yaani vile vishikio vinavyobana diski, toa pistoni, safisha kutu na chumvi kwenye mifereji ya sili, tia sili mpya, na grisi iwe ile maalumu ya mpira wa breki. Ya kawaida huivimbisha sili. Tia mafuta ya breki ya DOT 4 kutoka kwenye chupa isiyofunguliwa bado, si ile ya mwaka jana iliyobaki nusu. Weka ndoo ya maji karibu, kwani tone moja likidondoka kwenye tanki, rangi yaondoka. Mipira ya zamani ya kupitishia mafuta itupe, nunua iliyosukwa kwa waya wa chuma. Hayo ndiyo mapambo ninayokuruhusu mwaka huu, na unaweza hata kuchagua rangi.

Sasa nifikie ninapopenda, mnivumilie. Shoka, yaani shokabsoba zinazomeza matuta, za mbele na ya nyuma, ndizo zinazoifanya pikipiki ya zamani ijisikie zee, na watu hawazishiki kwa sababu hazionekani wala hazilii. Oili ya shoka za mbele huenda haijabadilishwa tangu Italia. Utakapoimwaga itatoka nyeusi na harufu ya samaki wa juzi. Tia mpya, pande zote mbili kiwango kilekile, ukipima kwa rula kutoka juu ya bomba na si kwa kukadiria kikombe. Halafu pima inavyokaa chini yako. Funga kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kubania nyaya, kwenye bomba la shoka. Inua mbele mpaka shoka ijinyooshe yote, upime. Kisha kaa juu yake na kofia, viatu na begi lako, wenzako wawili wakiishika isimame wima, upime tena. Tofauti iwe kati ya milimita 30 na 40. Ikizidi, kaza marekebisho ya springi pale juu ya shoka, ikipungua, legeza. Nyuma fanya vivyo hivyo, kutoka ekseli hadi alama utakayoiweka kwenye mkia. Mtaliano yule sijui alikuwa na kilo ngapi. Mimi nina 92, na pikipiki iliyopimwa kwa ajili yangu itamrusha kijana wa kilo 60 kwenye kila tuta la Gede. Kazi hii yote yahitaji futikamba, oili lita moja na kitu, na jioni moja.

Kuwaka kwa shida: ni petroli iliyogeuka ulimbo ndani ya kabureta. Zitoe zote nne, fungua moja moja usichanganye vitu vyake. Tundu la jeti ya mwendo wa polepole ni dogo kuliko tundu la sindano ya kushonea. Lisafishe kwa dawa na upepo, na ukilazimika, unyuzi mmoja wa waya wa shaba. Usilichokoe kwa chuma, ukilipanua ndiyo basi. Ile ngozi nyembamba ya mpira itoe kabla ya kupuliza dawa, kwani dawa huila. Ukizirudisha, zisawazishe. Kifaa cha dukani ni ghali. Chukua mpira mwangavu mrefu, mita nne hivi, ukunje kama herufi U kwenye ubao, tia oili kidogo katikati, ncha moja kabureta ya kwanza, nyingine ya pili. Oili itapanda upande unaovuta zaidi. Rekebisha mpaka zilingane, kisha nenda kwa zinazofuata. Mpira usiwe mfupi, injini itainywa oili yote na utafukiza mtaa mzima kama siku ya kufukuza mbu.

Mambo mawili ya haraka. Ikishawaka, pima betri kwa mita ya umeme, injini ikiwa kwenye mizunguko elfu tano: utake volti 13.5 hadi 14.5. Ikivuka 15, regulateta (kidhibiti cha chaji) imekufa, na kwa Honda za miaka hiyo ni ugonjwa unaojulikana. Ibadilishe kabla haijachemsha betri. Na rejeta usiitie maji ya kisima, yana chumvi na yatakula alumini kutoka ndani. Nunua kimiminika chake, au maji ya betri, yale yaliyosafishwa na si asidi, ukichanganya mwenyewe na dawa.

Taa za LED kwenye kioo kilichotengenezewa balbu ya kawaida humpofusha anayekuja. Safisha viungo vya waya na mahali waya wa ethi unapogusa fremu, utashangaa mwanga uliokuwa umejificha.

Kava lililopasuka tazama ndani yake. Likiwa limegongwa herufi ABS, una bahati. Vunja vipande vya plastiki hiyohiyo, viyeyushe kwa asetoni mpaka viwe uji, zibia ufa kwa ndani, uache siku nzima. Ikikauka piga msasa, tia rangi. Rangi ikiwa tofauti na ile iliyo kwenye logibuku, wajulishe NTSA. Fremu yako ni ya chuma, si alumini kama ya F4 iliyokuja 1999, kwa hivyo kila palipobanduka piga msasa na utie rangi kabla ya kusi kuanza.

Ekzosi tuzungumze mwakani, kipya kinyemi.

*Fundi, mume wangu anaosha cheni ya pikipiki kwa petroli ndani ya sufuria yangu ya pilau. Akiambiwa asema petroli hukauka yenyewe. – Mke wa mtu, Shela, Malindi*

Pole dada. Sufuria hiyo mwachie, usiipikie tena, na akununulie nyingine kubwa zaidi. Na umwambie hata cheni yenyewe anaiharibu: kama ni ile yenye vipete vya mpira kati ya pini na bamba, petroli huvikausha vikapasuka, grisi iliyofungiwa ndani ikatoka, na cheni ya kudumu miaka ikafa kwa miezi. Mafuta ya taa na brashi laini, afute, apake oili, basi. Kwenye karai lake mwenyewe.

*Assalaam alaykum. Mimi ni baharia, pikipiki yangu hukaa Mokowe nikiwa safarini miezi mitatu minne. Kila nikirudi haiwaki na imeota kutu. – Mokowe, Lamu*

Waalaykum salaam nahodha. Ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku ya kuondoka, uikaushe. Tanki lijaze pomoni, kwani nafasi tupu ndiyo inayokusanya jasho na kutu. Funga koki ya petroli, fungua skrubu ya chini ya kabureta umwage iliyobaki bakulini. Toa betri uilaze kwa jirani mwenye umeme aichaji mara moja kwa mwezi. Futa diski zote kwa kitambaa kikavu, na usizipake oili hata ukishawishika. Usiifunike kwa nailoni, itatoka jasho usiku kucha. Shuka kuukuu ni bora.

*Ami, oili ya gari ni rahisi kuliko ya pikipiki. Naweza kuitia? – Msomaji, Watamu*

Klachi ya pikipiki nyingi huogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini. Oili nyingi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta, na klachi ikinyweshwa dawa hiyo huanza kuteleza: injini yapiga kelele, pikipiki haiendi. Geuza chupa usome nyuma. Ukiona JASO MA au MA2, lipia. Usipoona, irudishe rafuni hata kama mwenye duka ni shemeji yako.