Kutumia buli la kauri la zamani kwa chai ya majani

Dada yangu wa Mkomani, umeuliza kama buli la kauri uliloachiwa na bibi, ambalo miaka yote limekaa kwenye kidaka cha ukutani, lafaa kuandalia chai ya majani makavu badala ya zile za vifuko.

Kwanza lichunguze vyema mwangani, kwa kuwa rangi na upako wa kung'arisha wa kale huweza kuwa na risasi, yaani madini yenye sumu, na risasi huvuja zaidi panapokuwa na ufa, rangi iliyobanduka, au kitu kikali kama ndimu. Ukiligonga kwa ukucha na likalia kwa sauti iliyoziba, huenda lina ufa usioonekana. Hilo lirudishe kidakani, libaki pambo.

Likiwa zima, lisuuze kwa maji moto kabla ya kutia chai, kwani kauri iliyopoa ikikutana ghafla na maji yanayochemka huweza kupasuka. Tia kijiko kimoja cha chai, yaani gramu 2 hadi 3, kwa kila kikombe, funika kwa dakika 3 hadi 5, kisha mimina yote kupitia chujio, maana majani yakiachwa humo chai huwa chungu. Maji ya visima vyetu yana chumvichumvi na huacha utando juu ya chai. Mimi hupendelea maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa. Chai ya maziwa na iliki, kwa maoni yangu, ipikie sufuriani tu.