Maswali na majibu: Msimu wa mahafali shuleni

Darasa la saba wakishamaliza mtihani wao Septemba, na kidato cha nne wakiwa wanajiandaa na wa Novemba, turubai zinaanza kusimama kwenye viwanja vya shule kila Jumamosi. Maswali mliyonitumia safari hii karibu yote yanatoka kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa shule binafsi. Nayajibu kwa kadiri ya miaka niliyokaa kwenye kamati za mahafali, kwanza nikiwa mwalimu wa darasa, baadaye mzazi.

Shule imetuma ujumbe kwenye grupu la wazazi: mchango wa mahafali ya darasa la saba ni sh 150,000, na ambaye hajalipa hadi Ijumaa mtoto wake hatavaa joho wala kupanda jukwaani. Ada nimemaliza yote. Hivi hii ni haki? (Mama, Kimara, Dar es Salaam)

Mama, ada na mchango wa mahafali ni vitu viwili tofauti. Ada mlikubaliana tangu siku ya kumwandikisha mtoto. Itafute ile fomu ya maelekezo ya kujiunga uliyopewa, usome kama mahafali yametajwa humo na kwa kiasi gani. Kama hayakutajwa, omba mchanganuo wa hiyo laki na nusu. Usiombe peke yako kwenye grupu saa nne usiku, maana hapo neno moja linazaa ugomvi wa wiki nzima. Watafuteni wazazi wanne au watano, mwende kwa mwalimu mkuu asubuhi, mzungumze kwa staha.

Mkiupata huo mchanganuo mtaona kwamba joho si tatizo. Joho la kukodi ni gharama ndogo sana. Kinachopandisha mchango ni mapambo, muziki, mshereheshaji, mpiga video na chakula cha meza kuu. Hapo ndipo pa kukata. Vitambaa vya kufunika viti vinaweza kuachwa na hakuna mtoto atakayejua. Muziki mwalimu mmoja mwenye spika anautosha. Na pilau ikipikwa na wapishi wa shule wenyewe, kwa masufuria yao, wazazi wakichangia mchele na nyama, watu wanakula na kushiba.

Ila la kumshusha mtoto jukwaani kwa sababu ya mchango, hilo silikubali hata kidogo. Nimewahi kuona watoto watatu wamekaa viti vya nyuma ya turubai na sare zao za shule, wenzao wanapita katikati kwa gwaride na majoho ya bluu. Mmoja wao ndiye aliyekuwa anaongoza Hisabati darasani. Alipoitwa kuchukua zawadi ya somo hilo alipanda na sweta la shule, viatu amevipiga rangi vizuri, na watu wakapiga makofi wasijue kwa nini mama yake amejifunika uso kwa khanga. Mtoto wa miaka kumi na tatu hana mshahara. Deni ni la mtu mzima, na adaiwe mtu mzima.

Kwa hiyo ukifika kwa mwalimu mkuu, sema wazi unachoweza kutoa sasa na lini utamalizia. Wengi wanakubali wakiona mzazi amekuja mwenyewe. Na wakuu wa shule mnaosoma hapa, nawaomba jambo moja: nunueni majoho yawe mali ya shule. Seti moja ikifuliwa na kutunzwa kwenye sanduku lisiloingia mende inavaliwa miaka mingi. Mchango nao uanze kukusanywa Januari, kidogo kidogo, usimwangukie mzazi Septemba pamoja na ada ya muhula.

Mwanangu ana miaka mitano, anamaliza awali. Kuna haja gani ya mahafali kwa mtoto anayehamia chumba cha jirani tu? (Baba, Arusha)

Haja ipo, ila ni ndogo, na sherehe yake iwe ndogo vilevile. Mtoto wa miaka mitano anafurahi kuimbia wazazi wake na kupewa cheti chenye jina lake. Baada ya saa moja na nusu amechoka, ana kiu, anataka mkojo, na kofia imemwangukia machoni. Kinachonisikitisha ni kuona watoto hawa wamevalishwa joho zito saa sita mchana wakimsubiri mgeni rasmi ambaye bado yuko njiani. Anzeni saa tatu asubuhi. Nyimbo mbili, ngonjera moja, vyeti, keki, watu waende nyumbani. Mgeni rasmi akichelewa, mwalimu wa darasa agawe vyeti. Watoto watampenda zaidi huyo.

Mimi ni mwalimu wa taaluma. Mahafali ya kidato cha nne tunayafanya Oktoba, mtihani wa taifa ni Novemba. Wanafunzi wanapoteza wiki mbili kwa mazoezi ya ngoma na halaiki, na baada ya mahafali wanajiona wamekwishamaliza. Tuyahamishie baada ya mtihani? (Mwalimu, Mwanza)

Mwalimu mwenzangu, ningependa iwe hivyo, lakini unajua kinachotokea. Siku ya karatasi ya mwisho mabegi yako getini tangu asubuhi. Wa bweni wanatawanyika, mmoja Kahama, mwingine Bukoba, na kuwarudisha kwa sherehe ya siku moja ni nauli nyingine kwa mzazi. Kwa shule ya kutwa inawezekana, na kama yenu ni ya kutwa, jaribuni. Kwa shule ya bweni mahafali yatabaki kabla ya mtihani. Basi yasogezeni nyuma, mwishoni mwa Septemba, na mazoezi yafanyike baada ya saa za masomo tu. Jumatatu inayofuata wapeni mtihani wa kujipima, saa mbili kamili, ratiba ya kawaida. Hapo kichwa kinarudi mahali pake.

Kuna jambo jingine linalowachosha watoto hawa ambalo hukulitaja: ahadi za matokeo. Mkurugenzi anasimama mbele ya wazazi anatangaza kwamba mwaka huu ni daraja la kwanza tupu. Mtoto anayehangaika na Fizikia amekaa pale mbele amevaa joho, anasikia anaahidiwa kwa watu. Januari 2023, NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, ilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, iliacha utaratibu wa kutaja shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa, na mojawapo ya sababu ilizotoa ni kwamba kufanya hivyo ni kuzitangaza shule kibiashara. Mimi niliunga mkono, na naomba jukwaa la mahafali nalo lifuate. Wapongezeni kwa waliyoyafanya kwa miaka minne. Matokeo yatakuja yenyewe.

Shikamoo mwalimu. Nimechaguliwa kusoma risala ya wahitimu kidato cha nne. Nimepewa ya mwaka jana niifuate, lakini ni ndefu na inachosha. Niandikeje? (Mhitimu, Morogoro)

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuaminiwa. Ya mwaka jana ichukue kwa ajili ya itifaki tu: mgeni rasmi, mkurugenzi, mkuu wa shule, bodi, walimu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzako. Ukishawataja hao, ingia kwenye maneno yako. Kurasa mbili zinatosha, dakika saba. Isome kwa sauti ukiwa umesimama, mwenzako akishika saa.

Anza na historia ya darasa lenu, na iwe na takwimu za kweli. Mlianza kidato cha kwanza wangapi, mnamaliza wangapi, na waliopungua wamekwenda wapi. Kama kuna mwenzenu aliyefariki, mtajeni kwa jina, watu wasimame. Ukiliruka hilo, wazazi wake kama wamealikwa watalisikia pengo lake kuliko yote uliyosema.

Kisha shukrani. Kila mtu humshukuru mkurugenzi, nawe mshukuru, lakini usiishie hapo. Shule ya bweni inaendeshwa na watu ambao hawakai meza kuu: mpishi anayewasha moto saa kumi alfajiri, matroni aliyewapeleka zahanati usiku mkiwa na malaria, mlinzi, fundi bomba, dereva. Wataje kwa majina na kazi zao, nao waalikwe wakae kwenye viti siku hiyo, wasiwe nyuma ya jiko wakisikia majina yao kwa mbali.

Sehemu ya changamoto ndiyo inayotisha, kwa sababu mwenye shule amekaa hapo hapo. Wengi wanaandika "tunakabiliwa na uhaba wa vitabu" na maneno yanapita bila kumgusa mtu. Andika kwa hesabu: "Kidato cha nne tuko 46, vitabu vya Kemia maktabani ni tisa, kwa hiyo jioni tunasoma kwa zamu." Hapo hujamlaumu mtu, umeeleza hali ilivyo, na mgeni rasmi amepata kitu cha kuchangia. Ukichagua changamoto mbili zenye hesabu, zitafanya kazi kuliko kumi zisizo na kitu. Mwonyeshe mkuu wa shule risala siku tatu kabla. Akikata sentensi, muulize kwa adabu kama unaweza kuiandika upya badala ya kuitoa.

Mwishoni waage wa kidato cha tatu, waachie kazi moja mahususi, labda ule mti au bustani mliyoianza. Usimalizie kwa Kiingereza kigumu ili kuwafurahisha watu. Bibi yako akiwa amekuja kutoka kijijini, naye ana haki ya kukuelewa.

Namlea mtoto wa marehemu dada yangu. Kwenye mahafali ya shule yao kuna kipengele cha "baba na mama njooni mmkumbatie mwanao". Mwaka jana alimwona mwenzake akibaki amesimama peke yake, na sasa ananiambia hataki kwenda. (Mlezi, Tanga)

Dada, mtoto huyu amekuambia jambo kubwa kwa maneno machache, na nakushukuru kwa kumsikiliza. Nenda umwone mwalimu wa darasa wiki hii, si siku ya sherehe. Mwombe mambo mawili. La kwanza, mshereheshaji aseme "familia ya" akifuatisha jina la mtoto, kwa watoto wote, siyo kwa wako peke yake. Ikisemwa kwa wote hakuna anayeonekana. La pili, watoto waitwe kumi kumi, na familia zao zipande pamoja. Kwenye kundi la watu thelathini hakuna anayehesabu nani ana baba.

Halafu njooni wengi. Wewe, mjomba, binamu zake, jirani aliyekuwa anampeleka shule mvua ikinyesha. Nani avae sare ya kitenge na nani amvishe taji la maua, mwache yeye mwenyewe apange. Kama hadi siku ya mwisho bado hataki kupanda, usimlazimishe. Akae nawe chini ya turubai, cheti achukue kwa mwalimu wake baadaye, na keki mkate nyumbani.

Nimesikia mwaka 2027 kutakuwa na mahafali mawili ya msingi. Ni kweli? (Mzazi, Dodoma)

Ni kweli kwamba madarasa mawili yatamaliza pamoja. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi ni miaka sita, na walioingia darasa la tatu mwaka 2024 ndio wa kwanza kuishia la sita, 2027. Waliowatangulia kwa mwaka mmoja wanamaliza la saba mwaka huohuo. Wote wataingia kidato cha kwanza 2028. Uliza mapema shule yenu itakuwa na sherehe moja au mbili. Mimi ningefanya moja kubwa, kwa sababu ndugu wengi wana watoto katika madarasa yote mawili. Na kama mtoto anakwenda sekondari binafsi, fomu za usaili zitafute mapema, maana waombaji watakuwa wengi.

Wazazi tunataka kuwapeleka wahitimu Bagamoyo kwa siku moja badala ya kufanya sherehe. Tuzingatie nini? (Kamati ya wazazi, Mbezi)

Wazo zuri sana, na watoto watalikumbuka. Magofu ya Kaole yana msikiti wa karne ya 13, na ukitoka hapo kuna Mji Mkongwe wa Bagamoyo.

Mkazo wangu wote ni kwenye basi. Mei 6, 2017, kule Rhotia, Karatu, basi la shule lilitumbukia korongoni na kuua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa kujipima. Kila mtoto awe na kiti chake na mkanda wake, asipakatwe mtu. Gari likaguliwe na askari wa usalama barabarani kabla ya siku hiyo, ondokeni kumekucha, rudini kabla ya jua kuzama. Na baharini asiingie mtoto bila mtu mzima anayejua kuogelea kuwa majini pamoja naye.

Shule imetumia picha ya mwanangu akiwa na joho kwenye tangazo la kusajili wanafunzi, na jina lake limeandikwa. Sikuulizwa. (Mama, Moshi)

Walipaswa kukuuliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti, na hizo zinahitaji ridhaa ya maandishi. Waandikie barua fupi: picha ni ya nani, imetumika wapi, unataka iondolewe lini. Peleka mkononi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wasipoiondoa, unaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na kama huna pingamizi na picha bali jina tu, sema hivyo kwenye barua, watalitoa siku hiyohiyo.